Makufuli kwenye draiva za kerneli: namna ya kuitafuta hitilafu na kuiondoa

Draiva ni sehemu ya kerneli, moyo wa Linux, inayoendesha kifaa. Kufuli ndani yake huhakikisha mmoja tu anagusa data kwa wakati mmoja. Draiva yenye hitilafu ya kufuli haifi papo hapo. Itafanya kazi vizuri mezani kwako wiki nzima, utaifunga, utaipeleka kwa mteja, kisha itaganda siku ambayo shughuli zimepamba moto. Mwongozo huu ni kwa mafundi na wanafunzi wa kompyuta wa Mwanza na kandokando ya ziwa wanaotengeneza vifaa vinavyotumia Linux: vipima joto vya makasha ya samaki, vifaa vya pampu za maji, vinasa safari za boti. Wengi wetu tunanunua bodi, tunapewa na draiva yake, tunaiweka, tunaendelea na kazi. Kifaa kikiganda tunakizima na kukiwasha. Kwa kufanya hivyo tunafuta ushahidi, na hitilafu inabaki palepale.

Nitatumia draiva moja ya mfano mwanzo hadi mwisho, niiite `baridi`. Kifaa chake kina kihisi cha joto kinachosomwa kwa I2C (njia ya waya mbili ya kuunganisha vifaa vidogo), na swichi ya mlango inayotoa intarapti (ishara inayoikatiza prosesa ishughulikie tukio) kila mlango unapofunguliwa. Draiva inasoma joto kila baada ya sekunde 10, na inasoma tena mara mlango unapofunguliwa. Programu ya skrini inasoma `/dev/baridi0`.

Kifaa cha aina hiyo kilinipeleka mwalo wa Kirumba asubuhi moja, kwa mama anayepokea sangara kutoka visiwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Njoo ukione hiki kidude. Tangu alfajiri kinasema nyuzi mbili, na barafu yote imekuwa maji."

"Kilianza saa ngapi, mama?"

"Nitajuaje? Ila boti zilipoingia kilikuwa kizima. Baada ya hapo mlango haukupumzika, huyu anatia, yule anatoa."

Maneno yake ya mwisho yalikuwa nusu ya jibu. Hitilafu hizi hutokea pale matukio mawili yanapokutana ndani ya muda mfupi sana, na mlango ukifunguliwa mara nyingi, nafasi ya kukutana inaongezeka. Kwa hiyo kabla hujafungua kompyuta, muulize mtumiaji nini kilikuwa kinaendelea. Tena ona hatari yenyewe: bodi ilikuwa imekwama, lakini skrini iliendelea kuonyesha picha ya mwisho. Namba iliyopitwa na wakati inayoonekana kama namba nzuri inamtia mtu hasara kubwa kuliko skrini iliyozimika.

Hatua ya 1: Tengeneza kerneli ya ukaguzi

Usianze kwa kusoma msimbo na kubahatisha. Kompaili kerneli ya pili, ya karakana tu, ukiwa umewasha haya:

```
CONFIG_PROVE_LOCKING=y
CONFIG_DEBUG_ATOMIC_SLEEP=y
CONFIG_DETECT_HUNG_TASK=y
CONFIG_MAGIC_SYSRQ=y
```

La kwanza ndilo linaloleta lockdep, chombo kilichoingizwa kwenye Linux 2.6.18 mwaka 2006 kwa kazi ya Ingo Molnar. Uzuri wake ni kwamba hakisubiri mkwamo (deadlock) utokee. Kinaandika kila kufuli linachukuliwa katika mazingira gani na baada ya kufuli lipi. Kikiona leo kufuli A limechukuliwa kabla ya B, na saa mbili baadaye B kabla ya A, kinapiga kelele hata kama bodi haijawahi kuganda. Kwa hiyo kitu ambacho Kirumba kingetokea mara moja kwa mwezi, mezani unaweza kukipata ndani ya dakika chache, mradi njia zote mbili za msimbo zimepitiwa.

Kumbuka mambo mawili. Lockdep ikisharipoti tatizo la kwanza inajizima hadi uwashe bodi upya, kwa hiyo ripoti ya kwanza ndiyo ya kushughulikia. Pia inapunguza kasi ya mashine, usiipeleke kwa mteja.

Unganisha waya wa siriali kwenye bodi na uache konsoli ikiandika kwenye kompyuta yako muda wote. Bodi iliyoganda haiwezi kuandika logi kwenye kadi yake, lakini mara nyingi maneno ya mwisho huwa yameshatoka kwenye waya. Hakikisha tu adapta ni ya volti ambayo bodi inataka. Bodi nyingi ni 3.3, na ukiweka 5 utaunguza pini.

Hatua ya 2: Isome ripoti bila haraka

Ripoti za kerneli zinatisha kwa urefu, lakini mstari wa kwanza unakwambia aina ya ugonjwa.

`BUG: sleeping function called from invalid context` maana yake kuna mahali umeshika spinloki (kufuli ambalo anayelisubiri anazunguka bila kulala), au uko ndani ya intarapti, halafu ukaita funksheni inayoweza kulala, yaani kuiachia prosesa ikisubiri kitu. Watuhumiwa wa kawaida ni I2C, `kmalloc` yenye `GFP_KERNEL`, `mutex_lock` na `copy_to_user`.

`WARNING: inconsistent lock state` inasema kufuli lilelile linachukuliwa ndani ya intarapti na pia nje yake bila intarapti kuzimwa.

`WARNING: possible circular locking dependency detected` ni mkwamo wa mzunguko: wavuvi wawili, mmoja ameshika injini anasubiri nyavu, mwenzake ameshika nyavu anasubiri injini, na hakuna boti inayoondoka. Chini ya ripoti utakuta minyororo ya miito. Chapa kila mmoja kwenye karatasi yake uzisome sambamba, ni rahisi kuliko kupandisha na kushusha skrini.

`INFO: task ... blocked for more than 120 seconds` ni dalili, haikuonyeshi chanzo. Hapo andika `echo w > /proc/sysrq-trigger` kuona thredi zote zilizokwama, na kama lockdep ipo, `echo d` itakuonyesha nani ameshika kufuli gani. Kama huwezi tena kuandika amri, tuma ishara ya BREAK kupitia siriali kisha herufi hiyohiyo.

Hatua ya 3: Andika nani anagusa nini

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na mimi naiona ndiyo yenye thamani kuliko zote. Kufuli linalinda data. Halilindi mistari ya msimbo. Kama huwezi kutaja kwa jina data ambayo kufuli fulani inailinda, basi hujui kufuli hilo lipo kwa ajili gani, na kuongeza jingine kutahamisha tatizo tu.

Huu hapa moyo wa draiva ile kama ilivyokuja na bodi:

```c
static void baridi_kazi(struct work_struct *w)
{
	struct baridi *b = container_of(to_delayed_work(w),
					struct baridi, kazi);

	spin_lock(&b->kufuli);
	b->joto = i2c_smbus_read_word_swapped(b->client, REG_JOTO);
	if (b->joto < 0)
		return;
	spin_unlock(&b->kufuli);
	schedule_delayed_work(&b->kazi, 10 * HZ);
}

static irqreturn_t baridi_mlango(int irq, void *data)
{
	struct baridi *b = data;

	spin_lock(&b->kufuli);
	b->mara_mlango++;
	spin_unlock(&b->kufuli);
	mod_delayed_work(system_wq, &b->kazi, 0);
	return IRQ_HANDLED;
}
```

Chukua daftari, andika kila data ya pamoja, na mbele yake kila funksheni inayoigusa na mazingira inamofanyia kazi. `mara_mlango` inaguswa na intarapti, na inasomwa na `read` (funksheni inayoijibu programu ya skrini). `joto` inaandikwa na foleni ya kazi (workqueue, inayoendesha `baridi_kazi` nje ya intarapti), na inasomwa na `read`. Intarapti haiigusi kabisa. Umeona? Data mbili zenye wageni tofauti zimewekwa chini ya kufuli moja, na kufuli hilo limelazimika kuwa spinloki kwa sababu ya mgeni mmoja tu.

Sasa fuata kilichotokea Kirumba. Kazi inashika spinloki, inaanza kusoma I2C, inalala ikisubiri jibu. Kerneli ya bodi ile ilikuwa haina ukaguzi, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Mlango unafunguliwa. Kwenye bodi nyingi za ARM, intarapti zote zinaangukia kiini (core) namba 0 cha prosesa usipozielekeza kwingine. Intarapti ya mlango inakuta kufuli limeshikwa, inazunguka papo hapo ikisubiri, na kiini hicho hakipokei intarapti nyingine. Jibu la I2C nalo linakuja kwa intarapti, kwenye kiini hichohicho. Isitoshe, kazi yenyewe iliwekwa kwenye foleni na intarapti ya mlango uliotangulia, kwa hiyo nayo ni ya kiini namba 0, haiwezi kuamka ikaachia kufuli. Hakuna anayeweza kusogea.

Angalia pia ile `return` ya katikati. Waya wa kihisi ukilegea mara moja tu, I2C inarudisha kosa, funksheni inatoka na kufuli mkononi, na usomaji unaofuata haupangwi tena. Kwenye kasha lenye unyevunyevu hilo si jambo la kufikirika.

Hatua ya 4: Chagua kufuli kulingana na daftari

Kama kuna intarapti miongoni mwa wanaoigusa data, unahitaji spinloki, na wote walio nje ya intarapti watumie `spin_lock_irqsave`. Ndani ya intarapti yenyewe `spin_lock` ya kawaida inatosha. Kama wote wanaoigusa wanaruhusiwa kulala, tumia myuteksi (kufuli ambalo anayelisubiri analala). Hakuna tuzo ya kutumia spinloki mahali ambapo myuteksi inatosha.

Kwa `baridi`, tunagawa makufuli mawili, na tunaandika kwenye muundo wenyewe kila moja linalinda nini:

```c
struct baridi {
	struct i2c_client *client;
	struct delayed_work kazi;

	spinlock_t kufuli_mlango; /* inalinda mara_mlango */
	unsigned int mara_mlango;

	struct mutex kufuli_joto; /* inalinda joto, kosa, wakati */
	int joto;
	int kosa;
	time64_t wakati;
};
```

Intarapti ya mlango sasa inatumia `kufuli_mlango` peke yake. Kazi inakuwa hivi:

```c
	int joto = i2c_smbus_read_word_swapped(b->client, REG_JOTO);

	mutex_lock(&b->kufuli_joto);
	b->kosa = joto < 0 ? joto : 0;
	if (!b->kosa) {
		b->joto = joto;
		b->wakati = ktime_get_boottime_seconds();
	}
	mutex_unlock(&b->kufuli_joto);

	schedule_delayed_work(&b->kazi, 10 * HZ);
```

Usomaji wa I2C umetolewa nje ya kufuli kabisa. Basi la I2C lina kufuli lake ndani ya kerneli, na foleni ya kazi haiendeshi kazi ileile mara mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo hatuhitaji kushika chochote wakati wa kusubiri. `wakati` nimeuongeza kwa ajili ya yule mama: programu ya skrini ikiona kipimo kina umri wa zaidi ya sekunde 30, iandike KIPIMO CHA ZAMANI kwa herufi nyekundu.

Upande wa `read`, nakili data kwanza ukiwa na kufuli, achia, ndipo umpe mtumiaji:

```c
	mutex_lock(&b->kufuli_joto);
	nakala.joto = b->joto;
	nakala.kosa = b->kosa;
	nakala.wakati = b->wakati;
	mutex_unlock(&b->kufuli_joto);

	spin_lock_irqsave(&b->kufuli_mlango, flags);
	nakala.mara_mlango = b->mara_mlango;
	spin_unlock_irqrestore(&b->kufuli_mlango, flags);

	if (copy_to_user(ubuf, &nakala, sizeof(nakala)))
		return -EFAULT;
	return sizeof(nakala);
```

Hakikisha juu yake umekagua kwamba nafasi aliyotoa mtumiaji inatosha, na safisha `nakala` kwa `memset` mwanzoni ili mapengo ya muundo yasivujishe kumbukumbu ya kerneli. `copy_to_user` inaweza kulala, kwa hiyo chini ya spinloki ni marufuku. Chini ya myuteksi inaruhusiwa, lakini kwa nini umshikilie kila mtu ukisubiri programu moja?

Utashawishika kutibu ripoti za kulala kwa kubadilisha `GFP_KERNEL` kuwa `GFP_ATOMIC` (ombi la kumbukumbu lisilosubiri). Ripoti itanyamaza, lakini sasa ugawaji wa kumbukumbu utashindwa mara kwa mara bodi ikielemewa. Mara nyingi dawa ni kugawa kumbukumbu kabla ya kushika kufuli.

Hatua ya 5: Weka mpangilio mmoja

Ikibidi kushika makufuli mawili kwa pamoja, amua lipi linatangulia, liandike kwenye maoni juu ya muundo, na usivunje mpangilio huo popote. Myuteksi inaweza kuwa nje na spinloki ndani. Kinyume chake hakiwezekani. Funksheni inayotegemea mwitaji awe ameshashika kufuli iwekee `lockdep_assert_held(&b->kufuli_joto);` mstari wa kwanza. Ni maoni ambayo mashine inayasoma, hayachakai.

Usitumie `mutex_lock_nested` kuinyamazisha lockdep. Ipo kwa ajili ya makufuli ya aina moja yenye ngazi halisi, kama mzazi na mtoto. Ukiitumia ili ripoti ipotee, umeua mlinzi na mwizi bado yumo.

Hatua ya 6: Njia za makosa

Pitia kila `return` na kila `goto` kati ya kufunga na kufungua. Vyombo vya sparse na smatch vinakamata nyingi za hizi bila hata kuendesha msimbo. Kama kerneli yako ni 6.5 ya mwaka 2023 au mpya zaidi, `guard(mutex)(&b->kufuli_joto);` inaachia kufuli yenyewe funksheni inapotoka, kwa njia yoyote ile. Usiichanganye na `goto` kwenye funksheni moja.

Hatua ya 7: Kuondoka

Ukinipa draiva nisiyoijua na dakika kumi, nitaanza kusoma `remove`, funksheni inayoitwa draiva inapoondolewa. Hapo ndipo watu huchoka.

Mpangilio ni huu: zuia wageni wapya, zima vyanzo vya kazi, subiri kazi zilizobaki ziishe, ndipo uachie kumbukumbu.

```c
	misc_deregister(&b->misc);
	free_irq(b->client->irq, b);
	cancel_delayed_work_sync(&b->kazi);
```

`free_irq` inasubiri intarapti inayoendelea imalizike. Lazima itangulie kufutwa kwa kazi, kwa sababu mlango ukifunguliwa kati ya mistari hiyo miwili ikiwa imegeuzwa, kazi itarudi kwenye foleni baada ya wewe kudhani umeiondoa. Hapa ndipo `devm_request_irq` inawaponza wengi: intarapti iliyoombwa hivyo inaachiwa baada ya `remove` kurudi, kwa hiyo inabaki hai wakati wewe unabomoa vitu vyake. Kama intarapti inaamsha kazi, iondoe kwa mkono ukitumia `devm_free_irq`.

Mtego wa pili ni kuita `cancel_delayed_work_sync` ukiwa umeshika `kufuli_joto`. Wewe unasubiri kazi iishe, kazi inasubiri kufuli lako. Lockdep inaujua mtego huu. Kwenye ripoti utaona `(work_completion)` katika mzunguko. Ndugu yake ni kuondoa faili la sysfs (mafaili ya kerneli chini ya `/sys`) ukiwa na kufuli ambalo `show`, funksheni inayosoma faili hilo, inalichukua. Huyo anaonekana kama `kn->active`.

Tatu, programu iliyofungua `/dev/baridi0` kabla hujaondoa draiva bado inalishikilia faili hilo. Tumia `kref` (kihesabu cha watumiaji) ili muundo usiachiwe hadi faili la mwisho lifungwe, na bendera `imeondolewa` chini ya myuteksi ili `read` irudishe `-ENODEV`.

Hatua ya 8: Isumbue

Fungua madirisha matatu. Kwenye la kwanza soma `/dev/baridi0` bila kupumzika. Kwenye la pili toa intarapti za mlango, hata kwa kugusisha waya. Kwenye la tatu ondoa na urudishe draiva kwa `unbind` na `bind` za sysfs, tena na tena. Kata na waya wa kihisi katikati ya kazi. Acha usiku kucha, na bodi iwe kwenye betri, maana umeme ukikatika saa nane usiku utapoteza kilichokuwa kinakaribia kuonekana. Kama prosesa ni ya biti 64 na ina kumbukumbu ya kutosha, rudia na `CONFIG_KCSAN`, iliyoingia Linux 5.8 mwaka 2020, inayokamata data iliyoguswa bila kufuli lolote.

Ukisharidhika, tuma kiraka (patch) kwa walezi wa draiva hiyo: hitilafu moja kwa kiraka kimoja, ripoti ya lockdep ndani ya maelezo, na mstari wa `Fixes:` unaotaja badiliko lililoileta. `scripts/get_maintainer.pl` itakutajia wa kuwatumia.

Hatua ya 9: Kerneli ya kupeleka kwa mteja

Zima lockdep, lakini acha `DETECT_HUNG_TASK`. Weka `kernel.hung_task_panic=1` kwenye sysctl na `panic=10` kwenye mstari wa kuwashia, ili thredi ikikwama kupita muda bodi ijiwashe upya yenyewe. Kiini kizima kikiganda hilo halitoshi, hivyo washa pia watchdog ya bodi (saketi inayoiwasha upya bodi isipojibu). Tenga na kipande cha RAM kwa ajili ya ramoops, ili logi ya mwisho ikutwe `/sys/fs/pstore` baada ya kuwaka. Kifaa kikiwa Ukerewe na wewe uko Nyakato, mwenyeji anaweza kukunakilia faili hilo akakutumia kwa simu, na ukaanza hatua ya 2 kabla hujapanda kivuko.